Kinywa cha Kalista

Zahanati ya kando ya barabara kuu pale Igawa ina mabenchi mawili, na yote mawili yametengenezwa na fundi ambaye hajawahi kumwona mama mjamzito akikaa. Asubuhi hiyo ya Jumanne Kalista alikuwa amejibanza ukingoni mwa benchi la pili, mimba ya miezi sita na nusu ikimlemea mapajani, kadi ya kliniki mkononi, na mdomoni ile ladha ya damu ambayo haikumtoka tangu mwezi wa tatu wa mimba. Kila akipiga mswaki mate yalitoka mekundu. Akiuma muwa, muwa ulibaki na doa. Alikuwa amejifunza kutema pembeni na kufukia kwa kandambili, na nyumbani hakuna aliyejua isipokuwa Makoye, mumewe, ambaye siku moja aliona doa kwenye foronya, akauliza, akajibiwa, akasahau.

Sista Eveline alitoka chumba cha kupimia uzito, akasimama katikati ya korido mikono kiunoni.

"Wamama, nisikilizeni. Leo tuna mgeni kutoka wilayani, tabibu wa meno. Kila mwenye mimba apite chumba cha mwisho aangaliwe fizi. Mkitoka huko mnarudi kwangu na kadi imeandikwa, ndiyo nawapa vidonge vyenu vya damu. Asiyepita asije kunililia."

"Sista, mimi meno hayaniumi," alisema mama mmoja.

"Sijauliza meno, nimesema fizi. Fizi zikivimba zikatoa damu, ule uchafu unaweza kusumbua mpaka mimba, uchungu ukaja kabla ya siku zake. Sijasema lazima. Nimesema inaweza kutokea. Na dawa yake ni kusafishwa tu, nusu saa umemaliza, hata shilingi hawakudai. Sasa mnaogopa nini?"

Kalista hakuogopa. Alifurahi, na furaha yenyewe ilimshangaza. Wiki ngapi alikuwa akitamani mtu mwenye akili zake aangalie kile kinywa na kumwambia kina nini. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, miaka miwili baada ya harusi, na usiku mtoto alipocheza tumboni alilala akitabasamu peke yake gizani. Alisogea mbele kwenye benchi ili asipitwe.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha mwisho. "Anayefuata apite," ilisema, kisha ikakohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu anayesafisha koo bila sababu. Kalista alikijua kikohozi kile. Alingoja kikohoe tena, kikakohoa tena, na furaha yake yote ikaishia hapo.

Tabibu wa meno alikuwa Gideon, baba yake mkwe, ambaye Kalista alijua tu kwamba ana kazi ya serikali wilayani.

Kwa damu Gideon alikuwa baba mdogo wa Makoye, lakini baba mwenyewe alikufa Makoye akiwa mdogo, na Gideon ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyepeleka ng'ombe Nyololo kwa wazazi wa Kalista. Familia yao ilishuka Usangu kutoka Usukumani ikifuata malisho, na katika mambo mengi iliyoyaacha huko kaskazini, heshima ya ukwe haikuiacha. Mke wa mtoto haiti jina la baba mkwe. Hakai kwenye kiti chake. Hali chakula mbele yake. Akimsalimia anapiga magoti, macho chini, na maneno yake ni machache, kisha anaondoka.

Hayo yote Kalista hakuyajua alipoolewa. Mwezi wake wa kwanza pale nyumbani, Gideon alikuja kutembea, akasimulia habari ya ndama aliyeingia kanisani akala maua ya arusi. Watu wakacheka, na Kalista akacheka, tena alicheka kama wanavyocheka kwao Ubena, mdomo wazi mpaka magego yakaonekana. Watu wakanyamaza. Gideon akageuza uso kuangalia zizi. Mama mkwe, Mbuke, alimwita nyuma ya jiko akamwuliza kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi: "Mwanangu, kwenu mnawaonyesha wakwe zenu meno?" Mawifi walimwita Meno kwa muda wa mwezi mzima. "Meno, lete maji. Meno, ng'ombe wamekunywa?" Tangu siku hiyo Kalista aliishika mila ile kuliko wenyewe waliozaliwa nayo. Mbele ya Gideon hakupiga hata mwayo.

Sasa alitakiwa aende akalale kwenye kiti mbele yake, afungue kinywa kibovu, na mzee yule atie vidole.

"Kamwene dada, mbona umebadilika rangi?" Aliyeuliza alikuwa Rozalia, Mhehe aliyeuza vitunguu kando ya barabara, shoga yake wa pekee pale Igawa. Siku hiyo alikuja kupima uzito wa mtoto wake wa miezi minane.

"Yule mle ndani ni baba," Kalista alinong'ona.

"Baba nani?"

"Baba mkwe."

Rozalia alichungulia korido, akarudi akicheka chini chini. "Kwa hiyo?"

"Siwezi, Roza. Siwezi kabisa."

"Basi nenda nyumbani, mwezi ujao atakuja mwingine."

"Sista ameshaandika jina langu. Atamwambia baba kwamba mkwe wake amekimbia. Nitakuwa nimemwaibisha mbele ya watu wa kazini kwake. Nikiingia ni aibu, nikiondoka ni aibu."

Rozalia alifikiri, na kufikiri kwake siku zote kulikuwa kwa haraka. Alikuwa mnene, amejifunga kitenge kikubwa, na mtu asiyemjua angedhani ana mimba ya miezi mitano. "Anakujua sura?"

"Ananionaga nimeinama tu. Hata yeye haniangaliagi."

"Basi shika mtoto. Lete kadi."

"Roza, hapana."

"Lete kadi, bwana. Kinachotakiwa si kadi iandikwe? Wiki ijayo nakupeleka Makambako kwa daktari mwingine, anakuangalia vizuri, hakuna anayejua. Lete."

Kalista alitoa kadi. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliitoa au Rozalia aliichukua, na kila mara aliona mkono wake mwenyewe ukinyooka.

Rozalia alishusha khanga mpaka kwenye nyusi akaingia. Kalista alizunguka nyuma ya jengo akiwa amembeba mtoto wa watu, akasimama chini ya dirisha la chumba cha mwisho. Alisikia kiti kikilia, vyuma vikigongana kwenye sahani, kisha kimya kirefu. Gideon alikuwa amesoma jina kwenye kadi.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Sitakuangalia usoni, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nitaangalia kinywa peke yake. Na wewe usinijibu kitu, fungua tu."

Alipima haraka, kama mtu anayepita mbele ya chumba cha wageni mlango ukiwa wazi. Kisha akasema, "Fizi zako ni nzuri sana. Hongera. Na asante kwa kuja. Nilijua kuna siku mtu wa nyumbani kwangu ataona ni mimi, akimbie. Umenipa heshima kubwa."

Rozalia alitoka akiwa hacheki tena. Alimrudishia Kalista kadi, akachukua mtoto wake. "Ameandika nzuri," alisema. "Amenishukuru mpaka nimetaka kulia. Twende Makambako wiki hii hii."

*

Wiki hiyo mtoto wa Rozalia aliharisha. Wiki iliyofuata Rozalia alisafiri kwenda Iringa kumzika shangazi yake, akakaa huko. Kalista aliamua kwenda mwenyewe, na ili aende alihitaji ruhusa.

Makoye alirudi kutoka mashambani jioni, matope ya mpunga yamemfika magotini, uso umejaa furaha. Alimkuta mkewe akipembua mchele nyuma ya jiko.

"Baba mdogo alinipigia simu," alisema kwa sauti ya chini. "Ameniambia ulienda kwake. Ameniambia nisimwambie mtu hapa, usije ukaona haya. Hata mama sijamwambia."

Kalista alishusha ungo.

"Anakusifu, wewe. Anasema mkwe wetu ana kinywa kama cha mtoto. Na mimi nilikuwa nahofia ile damu."

"Damu bado inatoka," alisema Kalista.

"Inatoka?"

"Inatoka. Nataka niende Makambako nikaangaliwe."

Makoye alimwangalia kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake aliyemnunua jana ana kasoro. "Uangaliwe nini? Si umeangaliwa?"

"Niangaliwe tena."

"Na nani? Kalista, yule ni mzee amesomea hiyo kazi. Ndiyo kazi yake, inalisha watoto wake. Amekuangalia kwa macho yake, ameandika kwa mkono wake, nzuri. Leo nikuruhusu uende kwa mtu mwingine, kesho asikie, atajua tumemwona hajui kazi. Yeye aliyenilipia mahari kwa ng'ombe wake."

"Hatasikia."

"Huku kila kitu kinasikika." Kisha akalainika, akamshika bega. "Mimba zina vituko vyake. Mama alikuwa anakula udongo. Ngoja kidogo, itaacha."

Angeweza kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa mafupi: siyo mimi niliyeingia. Lakini Makoye alikuwa anacheka, anajivunia mke wake kwa mara ya kwanza mbele ya baba aliyemlea, na Kalista hakuwa na ujasiri wa kuuondoa ule uso pale mlangoni. Akachukua ungo wake. Uongo ule ulikuwa umetoka kumfichia aibu ya asubuhi moja, na sasa ulikuwa umemfungia njia ya kwenda kwa daktari.

Alisukutua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Alitafuna vijiti vya mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Siku ya kumi ufizi wa chini upande wa kulia ulivimba, shavu likajaa, akapatwa na homa kidogo ya jioni ambayo hakumwambia mtu.

Shavu halifichiki. Mbuke alimwona akichochea ugali, akamgeuza kwa kidevu kuelekea mwangani.

"Jino?"

"Ni jino tu, mama."

"Tangu lini?"

"Siku mbili."

Mbuke alikwenda ndani akarudi na karafuu tatu na kikombe cha maji ya vuguvugu. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyezaa saba akazika wawili, na mikono yake haikupenda kukaa bure. Alimwekea karafuu mwenyewe, kidole chake kikavu kikigusa ufizi, na Kalista akafumba macho kwa maumivu.

"Kliniki walikuangalia?" Mbuke aliuliza.

"Waliniangalia."

"Wakasemaje?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Kalista. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Alifikiri: nikimwambia, ataniuliza kwa nini sikuingia, nami nitasema ni kwa sababu ya baba, naye atajua kuwa mpaka leo sijaijua vizuri ile mila, au atajua kwamba nimemdanganya mzee. Alifikiri pia: labda nimwulize kwanza, kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za watu wengine, mkwe akiugua inakuwaje. Swali likafika mpaka kwenye meno. Wifi mmoja akaingia kutafuta chumvi.

"Walisema nzuri," Kalista alijibu.

*

Uchungu ulimkuta Alhamisi saa nne asubuhi, uwanjani, akigeuza mpunga kwenye turubai. Alidhani ni mgongo. Akageuza mpunga mpaka mwisho wa turubai, na alipoinuka maji yalikuwa yanamtiririka miguuni. Mimba ilikuwa na wiki thelathini na moja.

Sista Eveline alipompokea hakusema maneno mengi. Alimchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, akaita gari la wagonjwa, akapanda naye mwenyewe. Kutoka Igawa hadi Mbeya Kalista aliangalia dari la gari, akihesabu malori yanayopishana nao kwa mtikisiko. Mbuke alikuwa amekaa miguuni pake, amemshika nyayo kwa mikono yote miwili njia nzima.

Mtoto alizaliwa jioni, hospitali kubwa ya mjini, msichana wa kilo moja na gramu mia moja. Alilia sauti ndogo mara moja, kisha akachukuliwa. Usiku huo walimruhusu Kalista ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa khanga, kofia ya sufu imemfunika mpaka machoni. Alimpa jina la mama yake mzazi, Verediana. Wodi ile ya watoto njiti ilikuwa na kina mama kumi na wawili, kila mmoja amekaa wima na kifurushi chake kifuani, hakuna anayezungumza kwa sauti. Makoye alipata mahali pa kulala Ilomba, kwa kijana wa kwao aitwaye Samwel, na kila asubuhi alikuja na chupa ya uji na kusimama nje ya dirisha.

Siku ya pili daktari alikuja na kadi mkononi. Alikuwa mwanamke wa umri wa Kalista, mwenye sauti kavu, na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Malaria huna, mkojo msafi, damu haijapungua sana. Nauliza kila kitu maana nataka kujua nini kimekuanzisha uchungu. Ulikuwa na homa?"

"Kidogo. Jioni."

"Fungua mdomo."

Kalista alifungua. Ilikuwa rahisi ajabu, mbele ya mgeni. Daktari aliwasha tochi ya simu, akamulika ndani, kisha akaitazama kadi, akatazama tena kinywa.

"Nani alikupima hapa? Imeandikwa nzuri, na chini kuna sahihi. Gideon. Huyu Gideon alikuwa anaangalia nini? Fizi zote zimeoza, hapa kuna usaha, hapa meno yanacheza. Hiki siyo kitu cha wiki tatu. Ungesafishwa mapema angalau tungekuwa tumeondoa jambo moja." Alipiga picha ya kinywa, akazima tochi. "Nitampigia simu. Haiwezekani tunapeleka watu huko halafu wanaandika uongo kwenye kadi za watu."

Kalista alijua kwamba sasa ndiyo wakati. Lakini Rozalia angeitwa, na zahanati nzima ingejua, na jina la Meno lingekuwa kitu kidogo mbele ya lile ambalo angepewa sasa. Mtoto alijikunja kifuani pake, akavuta pumzi mbili za haraka, akatulia. Kalista akanyamaza. Kunyamaza alikuwa amefundishwa vizuri.

Verediana aliishi siku nne. Siku ya tatu alinyonya matone kwa kijiko, Kalista akamwambia Makoye dirishani, "Amemeza," na Makoye akageuka akafuta uso kwa shati. Siku ya nne, asubuhi baada ya chai, akawa anasahau kupumua. Nesi alimkuna nyayo akakumbuka. Akasahau tena. Walimchukua mezani chini ya taa, watu watatu wakamwinamia, na Kalista akabaki amesimama na khanga imefunguka kifuani, mahali alipolala mtoto pakipoa. Baada ya muda yule daktari alikuja akamshika mkono, na hakuhitaji kusema.

*

Walimkalisha kwenye benchi la veranda nyuma ya wodi, wakisubiri karatasi za kumchukua mtoto. Makoye alikwenda kutafuta gari la kuwarudisha Igawa. Mbuke alikaa upande wake wa kushoto. Hakuwa amelia. Alikuwa anakunja na kukunjua kitenge kile kile.

Gideon alitokea mwisho wa veranda. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya sweta, viatu vina vumbi la safari. Kalista alimwona, na mwili wake, uliojifungua siku nne zilizopita, ukateremka wenyewe kutoka kwenye benchi kutafuta magoti.

"Usipige magoti," alisema Gideon. "Tafadhali. Kaa."

Akakaa, macho chini. Gideon hakukaa. Alisimama hatua tatu mbele yake, amegeuka kidogo upande, kama alivyokuwa anasimama siku zote.

"Daktari alinipigia simu juzi," alisema. "Ameniambia kinywa chako kilivyo. Sikuamini, nikamwambia nimemwona mwenyewe. Akanitumia picha." Alikohoa kile kikohozi chake. "Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile nilikuonea haya. Niliona jina lako nikasema niangalie haraka, nimalize, nisimtese mtoto wa watu. Nimewaangalia wanawake zaidi ya mia mbili kwenye kazi hii, na kila mmoja nimempa muda wake. Wa nyumbani kwangu ndiye nimempa dakika mbili. Nimewaambia wilayani wanitoe, wampe kazi hii mtu mwenye macho. Sijui kama utanisamehe. Mimi mwenyewe sijisamehe."

Kalista hakuwa amewahi kumsikia mzee yule akiomba msamaha. Alimwogopa miaka miwili, na sasa alimhurumia, na huruma ikaisukuma hofu pembeni.

"Baba," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia nje ya salamu. "Hukuniangalia."

"Najua, mwanangu. Ndiyo hilo ninalosema. Sikukuangalia vizuri."

"Hapana, baba. Aliyeingia siyo mimi. Nilimpa mtu kadi yangu. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha. Nimesikia yote uliyosema."

Gideon aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, shavu lililovimba, midomo iliyopasuka, macho yasiyokuwa na machozi tena. Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta kinywa alichokiona siku ile na asikione.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilikuonea haya."

Mzee alikaa. Alikaa kwenye benchi lile lile, upande wa kulia wa mkwe wake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika nyumba yao, na akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Nitamwambia daktari leo," Kalista aliendelea. "Nitawaambia na wilayani. Wewe uliandika ulichokiona. Lakini baba, nikuulize kitu kimoja. Sista alituambia fizi zinaweza kuleta uchungu. Ni wewe unayejua hayo mambo. Verediana ameondoka kwa sababu ya fizi zangu?"

Gideon alishusha mikono. Angeweza kumwambia hapana, na Kalista alitamani amwambie hapana. Pia kulikuwa na sehemu yake iliyotamani aambiwe ndiyo, ili jambo liwe na mwisho.

"Sijui," alisema. "Kweli kabisa, mwanangu, sijui. Inaweza kuwa. Wako wenye fizi mbaya kuliko zako, wanazaa watoto wa kilo tatu. Wako wenye fizi safi, wanazaa njiti. Ningekusafisha siku ile, labda tungekuwa hapa hapa. Labda tusingekuwa. Hakuna daktari atakayekuambia."

Kalista aliitikia kwa kichwa. Alijua tayari kwamba jibu lile atakaa nalo miaka yote.

Mbuke aliacha kukunja kitenge.

"Ulimwonea haya tabibu?" aliuliza, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Nilimwonea haya baba."

"Lakini pale alikuwa tabibu." Mbuke alimwangalia mkwewe, akamwangalia shemeji yake, akarudi kwa mkwewe. "Kalista. Nilipokuwa na uchungu wa Makoye mto ulijaa, wanaume wengine wote wako na ng'ombe ng'ambo. Baba mkwe wangu alinibeba mgongoni. Maji yalimfika kifuani, mimi nampigia kelele masikioni, nimemng'ata bega. Tulipofika akaniweka chini, akaondoka, na heshima ikarudi pale pale. Hakuna aliyesema kitu. Heshima ile ni ya wakati wa afya, mwanangu. Mtu akiugua inawekwa pembeni. Kila mtu anajua hivyo."

"Mimi sikujua, mama."

"Nilidhani unajua."

"Uliniambia nisimwonyeshe meno."

Mbuke alikiweka kitenge kando. Aliangalia uwanja wa hospitali, kina mama wanaoanika nguo za watoto kwenye kamba, mlinzi anayebishana na mtu getini. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ungeniuliza tu. Nilikuwa pale jikoni kila siku. Hata ile siku ya karafuu nilikuwa nimekushika kidevu. Ungeniuliza, mama, mkwe akiugua inakuwaje, ningekujibu kabla maji hayajachemka."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Nesi alitoka wodini amebeba kifurushi kidogo kwenye khanga ya kijani na karatasi ya kusainiwa juu yake, akauliza nani ni wa familia. Gideon aliinuka kuchukua kalamu. Mbuke alinyoosha mikono akampokea mjukuu wake, akamlaza mapajani, akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa bega la Kalista. Wakakaa hivyo, wakimsubiri Makoye na gari.